Pua Mbichi, Mbwa Mzima

Baba yangu mdogo ni fundi saa, na kwa miaka kumi na mitatu alikuwa akitibu mbwa na paka wa mtaa mzima bila kusoma hata ukurasa mmoja wa habari zao. Mimi ni daktari wa wanyama. Nimesoma miaka mitano, nina cheti ukutani, meza ya chuma, vipimajoto viwili na friji la chanjo. Kliniki yangu iko hatua tisini kutoka kwenye kibanda chake. Nilizihesabu siku moja nikiwa na hasira. Kila asubuhi watu walikuwa wakinipita mlangoni na vikapu vya paka, wanakwenda kwake.

Namdharau. Nalisema mapema ili mtu asihangaike kunitafutia neno la upole. Namheshimu kama mdogo wa baba yangu, namwamkia kila ninapokutana naye, na sikukuu yoyote ya familia namtengea kiti. Lakini akianza kuzungumza habari za wanyama, namdharau kuanzia kofia mpaka viatu.

Mtaani wanamwita Lenzi, kwa sababu ya kile kioo cheusi cha kukuzia ambacho mafundi saa hubana jichoni. Zamani kioo hicho kilikuwa na kazi. Baadaye watu wakaanza kutazama saa kwenye simu, na kibanda kikabaki na vumbi, saa nne za ukutani zinazobishana, na mzee mmoja mwenye muda mwingi kupita kiasi. Mwingine angelima mchicha. Yeye akaanza kutoa ushauri.

Chanzo chake kilikuwa paka wa muuza magazeti, aliyeingiwa na mbegu ya nyasi jichoni. Baba mdogo alimshika shingo, akaitoa mbegu kwa kibano cha kushikia skrubu za saa, na paka hakukwaruzika hata kidogo. Hilo nalikubali, ana mkono mwepesi. Lakini kutoka kuchomoa mbegu hadi kuwa daktari kuna safari ndefu, na yeye aliimaliza kabla ya saa sita mchana.

Utaalamu wake wote uko puani. Ukimletea mbwa, hamwulizi anakula nini, hamshiki tumbo, hamtazami ufizi. Anabana kioo jichoni, anainama mpaka mbwa mwenyewe anaona haya, anaitazama pua kama anatafuta nati iliyolegea. Kisha anainuka na kutoa hukumu: "Pua mbichi, mbwa mzima." Au: "Pua kavu. Huyu ana joto la ndani." Na watu wazima wenye akili zao, watu wanaoendesha magari na kusaini mikataba, wanaitikia kwa kichwa na kusema ahsante mzee.

Nilijaribu kumweleza, mwanzoni, nilipokuwa bado naamini kwamba mtu akielezwa huelewa.

"Baba mdogo, pua haisemi kitu. Mbwa akilala tu inakauka. Akikaa karibu na jiko inakauka. Na mbwa anayekufa anaweza kuwa na pua mbichi kabisa."

"Binti," alinijibu huku akifuta kioo kwa kona ya shati, "mimi nilikuwa natazama vitu vidogo kabla baba yako hajajua kwamba utazaliwa. Wewe ni daktari wa cheti. Mimi ni daktari wa macho yangu."

Wateja wawili waliokuwa pale wakacheka. Nikarudi kliniki nikakwangua kutu kwenye kizimba ambacho hakikuwa na kutu.

Dawa zake zilikuwa za kujibunia, na alizitoa kwa ukarimu kwa sababu hakudai kitu ila kusikilizwa. Mbwa akiburuta makalio sakafuni, basi ni minyoo, apewe vitunguu saumu, hata ukimwambia kwamba mara nyingi ni vifuko vya mkunduni vimejaa, na kwamba vitunguu vya aina zote vinaharibu damu ya mbwa na ya paka. Mbwa akiwa na ukurutu, apakwe oili chafu ya gari, ambayo mnyama huilamba yote. Paka akiwa na homa, apewe nusu kidonge cha maumivu cha binadamu. Nusu hiyo inatosha kumuua. Nimewahi kuwa na paka wa nusu kidonge mezani kwangu, ufizi umegeuka rangi ya tope, na mwenye paka ananiambia kwa kiburi kwamba dawa ya kwanza ameshapewa kwa Lenzi, mimi nimpe ya pili. Na mbwa jike, alikuwa akisema, asitolewe kizazi mpaka azae mara moja, damu itulie. Damu gani, ilitibuliwa na nani, hakusema.

Wao nao siwaonei huruma. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini lazima awepo wa kusimama na kulisikiliza.

Sasa, baba mdogo naye ana mbwa. Ni jike jeusi lenye doa jeupe kifuani, wanamwita Nukta. Alikuwa na miaka minane, hakuwahi kuzaa wala kutolewa kizazi. Ile damu ilikuwa bado inangojewa itulie. Mwaka jana, wiki sita hivi baada ya joto lake la kutaka dume kuisha, Nukta akaanza kunywa maji. Alikunywa beseni zima kwa siku, akawa anakojoa kwenye ukumbi, akasusa chakula, akatapika povu. Baba mdogo akabana kioo, akainama, akatazama pua. Mbichi. Akaagiza asali iliyochanganywa na maji ya chumvi, kijiko asubuhi na kijiko jioni, kisha akafunga begi akaenda kwa shangazi, aliyekuwa anahamia nyumba mpya na alihitaji mtu wa kumtundikia makabati.

Alipoondoka tu, mama mdogo akaja kwangu. Yeye hufuma sweta za wanafunzi, na alimleta Nukta ndani ya kapu la nyuzi, amelala juu ya nyuzi za kijani, kichwa kimening'inia. Mama mdogo ni mtu wa maneno machache. Miaka thelathini na kitu ya kuishi na msemaji imemfundisha kuyaweka akiba.

"Mwangalie," alisema. "Mimi sioni kwamba huyu ni mzima."

Sikuhitaji kioo. Tumbo lilikuwa gumu na limejaa, homa imepanda. Ugonjwa huu huwapata majike ambao hawajatolewa kizazi, hasa wakiingia umri, wiki chache baada ya joto: kizazi kinajaa usaha, na usaha usipopata njia ya kutoka unatia sumu mwili mzima. Kiu ile ndiyo dalili inayopiga kelele kuliko zote. Nilimtundikia dripu, nikamlaza, nikampasua mchana ule ule. Kizazi kilikuwa kimevimba kama soksi mbili zilizojazwa mchanga. Nilikitoa chote, nikakiweka kwenye ndoo, nikashona.

Mama mdogo alikaa nje kwenye benchi muda wote, anafuma. Nilipomwambia Nukta amepona, alikata uzi kwa meno.

"Usimwambie mzee," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi ndiye ninayeishi naye. Wewe ukishamaliza kusema, utarudi kwako."

"Mama mdogo, mficha maradhi..."

"Kifo humuumbua, najua. Lakini maradhi umeshayatoa, yamo kwenye ndoo yako. Kimebaki nini cha kuficha?"

Nilikubali. Ningependa kusema nilikubali kwa kumhurumia, na mama mdogo mpaka leo anadhani hivyo. Nilikubali kwa dharau. Tumbo la Nukta lilikuwa limenyolewa kuanzia kitovuni kwenda chini, na katikati kulikuwa na mshono wenye urefu wa kalamu. Nilijua mzee atarudi, ataona, na atalazimika kutembea zile hatua tisini na kofia mkononi kuja kuniuliza. Nilitaka aje mwenyewe. Nilikuwa nimeshachagua na maneno ya kumjibu.

Hakuja. Mama mdogo alikuwa amemfumia Nukta sweta ya kijani yenye miguu minne, akasema mbwa anasikia baridi. Baba mdogo alirudi, akabana kioo chake, akatazama pua. Pua ilikuwa mbichi, mbwa anakula, kiu imekwisha. Hakuivua ile sweta. Hakumgeuza. Kwake yeye mbwa anaanzia puani na anaishia hapo hapo. Siku ya kumi na mbili nilikwenda kuchomoa nyuzi, tukamlaza Nukta jikoni juu ya gunia, mimi na mama mdogo, huku yeye akiwa kibandani anawasimulia watu jinsi alivyomponya.

Baada ya wiki moja karatasi ikaonekana kati ya zile saa nne: NIMETIBU UGONJWA WA KIU KWA ASALI. SHAHIDI YUPO CHINI YA BENCHI. Shahidi alikuwa amelala pale na sweta yake, anakoroma. Watu wakamvisha mzee kilemba cha ukoka, naye akakifunga vizuri kichwani. Mtaani likawa jambo linalojulikana: mbwa akinywa maji sana, asali na chumvi.

Mimi nilikuwa nikipita pale nikicheka kimoyomoyo. Siri ile ilikuwa tamu kuliko hiyo asali. Kila alipomsimulia mtu, nilimwona amezidi kuwa mjinga kwa kiasi kile kile, nami nimezidi kuwa na akili. Na nilijua, maana kazi yangu ni kujua, kwamba mtaani kulikuwa na majike mengine mengi ambayo hayajatolewa kizazi, na kwamba ugonjwa huu hauwezi kupona kwa asali hata ukamwaga mzinga mzima. Nilijua hivyo na nikaendelea kucheka.

Mbele ya kibanda, ng'ambo ya barabara, kuna saluni ya mwanamke mmoja anayeishi peke yake, Msusi. Sikio lake la kushoto halisikii kabisa na la kulia linasikia kwa shida. Alikuwa na mbwa wa kahawia, jike la makamo, aliyelala chini ya viti vya wateja. Mlango ukibishwa, mbwa yule alimvuta Msusi aproni. Simu ikilia, alimvuta aproni. Chungu kikichemka na kumwagika nyuma, vile vile. Hakufundishwa na mtu. Waliishi pamoja mpaka wakaelewana. Msusi alikuwa akisema kwa utani kwamba mbwa ndiye sikio lake, ila hili lina kelele kidogo likikoroma.

Siku moja asubuhi nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwasubiri watu wa chanjo. Nikamwona Msusi anavuka barabara na mbwa wake. Mbwa alitembea kama amebeba kitu kizito, na kabla ya kufika kibandani alisimama mara tatu kunywa maji ya mtaroni. Mara tatu, nilihesabu. Tumbo limeshuka. Nikajua ni nini. Nilijua kama mtu anavyojua jina lake.

Wakaingia kwa Lenzi.

Kulikuwa na hatua tisini. Ningeweza kuzitembea na koti langu jeupe na kusema sentensi moja. Badala yake nikajiambia: waache. Watu hawa hawaambiliki, asiyejua maana haambiwi maana. Atakuja kwangu akishachoka na asali, na atanikuta hapa hapa. Mtu wa chanjo akafika na mtoto wa mbwa kifuani, nikaingia ndani kumhudumia.

Alikuja siku ya tano. Mbwa alikuwa amevingirishwa taulo la saluni, lile la buluu lenye madoa ya rangi ya nywele. Nilimlaza mezani. Mwili ulikuwa umeshapoa kuliko inavyotakiwa, ufizi mweupe, moyo unakimbia bila nguvu. Kizazi kilikuwa kimeshapasuka ndani. Nilimtia dripu, nikafanya yote ninayojua kufanya, na kabla dawa ya usingizi haijavutwa kwenye sindano mbwa alishusha pumzi moja ndefu na hakuvuta nyingine. Nikagusa pua yake kwa kidole, sijui kwa nini. Ilikuwa mbichi.

Msusi alisimama upande wa pili wa meza, amekamata pindo la taulo.

"Sielewi," alisema. "Nilimpa kama nilivyoambiwa. Asubuhi na jioni, sikuruka hata kijiko. Mbona Nukta alipona kwa asali?"

Ningeweza kunyamaza. Nasema hivi kwa sababu nililifikiria.

"Nukta hakupona kwa asali," nilisema. "Nilimpasua mimi."

Msusi akageuza kichwa, akaniletea sikio la kulia.

"Sijasikia, daktari. Sema tena."

Ikabidi niseme tena, kwa sauti ya juu, mpaka mtu aliyekuwa kwenye benchi nje akachungulia. Kwamba Nukta nilimpasua mimi. Kwamba nilijua. Kwamba sikusema.

Hakulia wala hakunitukana. Alimfunika mbwa vizuri, akakunja pindo. Nami, badala ya kukaa na aibu yangu pale pale ilipostahili kukaliwa, nikapandwa na hasira, na hasira ikanitafutia mtu wa kubeba mzigo. Nikatoka na koti langu, nikazitembea zile hatua tisini haraka. Msusi akanifuata.

Baba mdogo alikuwa na wateja wawili na paka mmoja. Sikumwamkia. Niliinama, nikamtoa Nukta chini ya benchi, nikamlaza chali kwenye meza ya saa, nikaivuta ile sweta ya kijani mpaka kifuani. Manyoya yalikuwa yameshaota, lakini kovu lilionekana, mstari mweupe ulionyooka.

"Hii ndiyo asali yako, baba mdogo," nilisema. "Tazama. Safari hii tazama chini ya pua."

Nilikuwa na majibu ya miaka kumi na mitatu mdomoni. Nilingoja abishe. Nilimwombea abishe.

Alibana kioo jichoni. Aliinama, akalitazama kovu kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, kama alivyokuwa akitazama saa enzi zile watu wanavaa saa. Akapitisha kidole.

"Mshono huu ni wa fundi," alisema. "Nani kashona?"

"Mimi. Ulipokwenda kwa shangazi."

Kioo kikamtoka jichoni, kikaangukia mkononi mwake. Alikaa kwenye stuli, akamrudishia Nukta sweta, akamfunga kifungo kilichokuwa kimeachia. Wateja wale wawili walikuwa wanaangalia saa za ukutani, kila mmoja yake.

"Kwa hiyo mbwa wa huyu dada," alisema.

"Amekufa sasa hivi. Ugonjwa ule ule."

Alisimama, akaibandua ile karatasi ukutani, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Kisha akamgeukia Msusi, na mzee yule ambaye sikuwahi kumsikia akiomba radhi hata kwa kukanyaga mtu, akavua kofia.

"Nisamehe, dada. Sikujua."

Alisema kwa sauti ya kusikika, upande wa sikio la kulia. Hata hilo alikuwa analikumbuka.

"Najua hukujua, mzee," Msusi alisema. Kisha akanitazama. "Huyu ndiye alijua."

Akavuka barabara, akafungua saluni yake, kwa sababu kulikuwa na mteja mlangoni anabisha na hakuna aliyemwambia.

Mama mdogo hakusema nami kwa mwezi mmoja, kwa kuwa ahadi niliyoivunja ilikuwa yake. Baba mdogo bado anakaa kibandani. Wakimletea mnyama bado anabana kioo na kutazama pua, mazoea yana tabu, lakini akimaliza anawaambia waende kwangu, na wanakuja. Siku hizi nina wateja wengi mpaka benchi halitoshi. Nilikuwa nadhani nikifika hapo nitafurahi.

Msusi amepata mbwa mwingine, mdogo, wa kijivu. Anamfundisha kuvuta aproni. Mtoto huyo anahitaji chanjo zake, na siku ikifika Msusi anamtia kwenye kikapu, anasimama kibandani kumwamkia baba mdogo, wanaongea kidogo, mzee anamtazama mtoto pua na wote wawili wanacheka. Kisha anapita mlangoni kwangu bila kugeuza kichwa, anakwenda kituoni kungoja basi la kumpeleka kwa daktari wa upande wa pili wa mji.